Lugha ipi ya kuundia tovuti ina tija zaidi? Mizani ya Kibera na Kawangware

KIJANA wa Kibera au Kawangware anayetaka kujipatia riziki kwa kuunda tovuti hukabiliwa na swali moja kabla ya mengine yote: ajifunze lugha gani ya programu? Mmoja atamwambia ni PHP, mwingine atamtajia Java, wa tatu Python, na wa nne atamcheka kwa kutoanza na JavaScript. Kila mmoja ataapa kwamba lugha yake ndiyo inayomaliza kazi upesi.

Swali hili si la mzaha. Mara nyingi kijana huyo ana akiba ya karo ya miezi michache tu, kipakatalishi kilichotumiwa na wengine kabla yake, na pesa za kununulia bando za intaneti zinazohesabiwa shilingi kwa shilingi. Akichagua chombo kisichohitajika na waajiri wala wateja, au kinachokaribia kuachwa, muda na karo vitakuwa vimekwenda na maji. Akichagua vyema, mteja wa kwanza huenda akawa shule ya mtaani, kanisa, chama cha akina mama au duka la jumla lililo hatua chache kutoka kwake.

Makala haya yanaeleza jinsi tija ya watayarishaji programu inavyopimwa, yale ambayo utafiti umebainisha kuhusu lugha zinazoshindana, na jinsi mizani hiyo inavyobadilika inapowekwa katika mazingira ya mitaa hii miwili ya Nairobi.

Tija ni nini?

Tija ni uwiano baina ya kazi iliyokamilika na nguvu iliyotumika kuikamilisha. Kwa mkulima, magunia ya mahindi kwa ekari moja yanatosha kuwa kipimo. Kwa mtayarishaji programu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa si rahisi kukubaliana gunia lake ni lipi.

Kipimo kongwe ni idadi ya mistari ya msimbo iliyoandikwa kwa siku. Kasoro yake ni kwamba humtuza mwenye maneno mengi. Kazi inayohitaji mistari 100 katika lugha moja inaweza kuhitaji mistari 30 katika nyingine, na kwa kipimo hiki aliyeandika 100 ataonekana hodari ilhali kazi ni ileile. Fred Brooks, aliyewahi kusimamia utayarishaji wa mfumo mkubwa wa kampuni ya IBM, alieleza katika kitabu chake cha 1975 kwamba kiasi cha maagizo ambayo mtu huandika kwa siku huelekea kuwa kilekile katika lugha yoyote. Ikiwa ndivyo, lugha inayosema mengi kwa maneno machache humzidishia mwandishi wake tija.

Mnamo 1979 Allan Albrecht, naye wa IBM, alipendekeza kipimo kingine kinachohesabu yale ambayo programu inamfanyia mtumiaji: taarifa zinazoingizwa, zinazotolewa, maswali yanayojibiwa na kumbukumbu zinazotunzwa. Kipimo hiki hakijali lugha iliyotumika. Mwenye shule ya Kawangware hajali mistari mingapi imeandikwa. Anachotaka ni kuona mzazi gani amelipa karo na nani bado anadaiwa.

Kuna pia gharama inayojitokeza baadaye. Programu iliyokamilika kwa wiki moja lakini ikahitaji kutengenezwa kila mwezi kwa miaka mitano haikuwa ya haraka. Kwa sababu hiyo wataalamu hupima vilevile makosa yanayogunduliwa, urahisi wa kurekebisha na usalama.

Majaribio ya watafiti

Mnamo 2000, Lutz Prechelt wa Chuo Kikuu cha Karlsruhe, Ujerumani, alichapisha matokeo ya jaribio ambalo bado hutajwa. Alilinganisha programu 80 zilizoandikwa kutatua tatizo lilelile katika lugha saba: C, C++, Java, Perl, Python, Rexx na Tcl. Zile lugha nne za mwisho, ambazo hazimlazimishi mwandishi kutafsiri programu nzima kabla ya kuiendesha, zilihitaji takriban nusu ya muda wa kuandika, na programu zake zilikuwa na takriban nusu ya urefu. Hata hivyo, zilitumia kumbukumbu nyingi zaidi ya C na C++.

Prechelt aligundua jambo jingine ambalo mabingwa wa lugha hupenda kulisahau. Tofauti baina ya watu wawili wanaotumia lugha moja mara nyingi ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya wastani baina ya lugha mbili. Kwa maneno mengine, mwandishi hupita lugha.

Miaka saba baadaye, akiwa katika Chuo Kikuu Huria cha Berlin, mtafiti huyo aliandaa shindano lililoitwa Plat_Forms mjini Nuremberg. Mnamo Januari 2007 timu tisa, kila moja ikiwa na wataalamu watatu, zilipewa saa 30 kuunda mtandao wa kijamii ambamo watumiaji wangejisajili, kujibu maswali yanayopima tabia zao na kutafutana. Timu tatu zilitumia Java, tatu Perl na tatu PHP. Watafiti walipokagua kazi zote walibaini kwamba mambo mengi hayakuonyesha tofauti ya kudumu baina ya majukwaa. Machache tu ndiyo yaliyoweza kuhusishwa na jukwaa lenyewe badala ya timu.

Utafiti mwingine wa 2014 ulichunguza miradi 729 ya msimbo huria katika lugha 17 na kudai kwamba baadhi ya lugha huzaa makosa mengi kuliko nyingine. Watafiti wengine walipourudia uchambuzi huo na kuchapisha matokeo yao mnamo 2019, sehemu kubwa ya madai hayo haikusimama, na uhusiano uliobakia ulikuwa mdogo.

Hata imani kwamba mtayarishaji hodari hufanya kazi ya watu 28, iliyotokana na utafiti wa 1968, ilichunguzwa upya na Prechelt huyohuyo na kuonekana imetiwa chumvi. Tofauti za watu zipo na ni kubwa, ila si kubwa kiasi hicho.

Funzo ni kwamba lugha ina uzito wake, lakini ujuzi wa mwandishi, vyombo vilivyo tayari na aina ya kazi vina uzito mkubwa zaidi. Historia ya Kibera inathibitisha hayo.

Ushahidi na ramani ya Kibera

Uchaguzi wa Desemba 27, 2007 ulifuatwa na ghasia zilizoua zaidi ya watu 1,100 kote nchini. Kibera na Kawangware zilikuwa miongoni mwa sehemu za Nairobi zilizoathirika, na katika Kibera reli iendayo Uganda iling'olewa. Serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, raia walibaki gizani kuhusu yaliyokuwa yakitendeka mitaa jirani.

Mapema Januari 2008 mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh alitoa wito kwa wanateknolojia waunde ramani ya kuonyesha mahali ghasia zilipotokea. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walikuwa miongoni mwa walioitikia. Siku chache baadaye tovuti ya Ushahidi ilikuwa hewani, ikipokea taarifa kupitia intaneti na arafa za simu.

Hapa tija ilihesabiwa kwa siku. Tovuti nzuri zaidi iliyokamilika mwezi Machi isingemfaa mtu, kwa kuwa mkataba wa kugawana mamlaka ulitiwa saini Februari 28, 2008.

Baadaye mfumo huo uliandikwa upya ili utumiwe na yeyote bila malipo, kwa lugha ya PHP juu ya kiunzi kiitwacho Kohana. Kiunzi ni mkusanyiko wa sehemu zilizoandikwa tayari, mfano wa nguzo na paa, ambazo mjenzi huongezea kuta za nyumba yake. Faida ya PHP ilikuwa dhahiri: karibu kila kampuni inayokodisha nafasi kwenye seva kwa bei nafuu huiruhusu. Shirika lolote dogo lingeweza kupakua Ushahidi na kuiweka hewani bila kumwajiri mtaalamu wa seva. Haiti ilipokumbwa na tetemeko la ardhi mnamo Januari 12, 2010, mfumo huo ulianza kutumika huko saa chache tu baada ya maafa.

Wakati huo Kibera yenyewe haikuwa kwenye ramani. Mtaa uliokuwa na watu 170,070 kwa mujibu wa sensa ya 2009 ulionyeshwa kama eneo tupu au msitu. Mwishoni mwa mwaka huo mradi wa Map Kibera, ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, uliwafunza vijana 13 wa mtaa huo kutumia vifaa vya GPS. Walitembea vichochoro vya Gatwekera, Kianda, Soweto, Laini Saba, Silanga na vijiji vingine, wakiandika zilipo shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji. Mnamo 2010 ramani hiyo iliunganishwa na Ushahidi, ikazaliwa tovuti ya Voice of Kibera, ambako wakazi walituma habari zao kwa arafa zikawekwa mahali pake kwenye ramani.

Msomaji atazame mradi huo ulisimama juu ya nini. Tovuti ya OpenStreetMap, inayohifadhi ramani, imeandikwa kwa Ruby on Rails. Programu ya JOSM, ambayo wachora ramani wengi huitumia, imeandikwa kwa Java. Ushahidi ni PHP. Ramani inayosogea kwenye kivinjari huchorwa kwa JavaScript. Lugha nne zinazodaiwa kuwa mahasimu zilivuta jahazi moja, na vijana wa Kibera hawakulazimika kuandika hata moja kati ya hizo kuanzia mwanzo. Tija yao kubwa ilitokana na kutojenga upya kilichokwisha kujengwa.

Lugha moja baada ya nyingine

PHP ilianzishwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa kwa umma mnamo 1995. Ilizaliwa kwa ajili ya tovuti, na hadi leo ndiyo njia fupi zaidi kutoka kwenye faili moja hadi ukurasa ulio hewani. Mfumo wa WordPress, ulioanza 2003, umeandikwa kwa PHP, na mtu anaweza kuutumia kutengeneza tovuti ya kanisa au hoteli kwa siku mbili bila kuandika msimbo mwingi. Kwa kazi kubwa zaidi kuna kiunzi cha Laravel, kilichotolewa na Taylor Otwell mnamo 2011. Udhaifu wa PHP ni kwamba humruhusu mwanafunzi kuandika vibaya na bado ukurasa ukaonekana sawa. Tovuti nyingi zimedukuliwa kwa sababu mwandishi alipachika maneno ya mgeni moja kwa moja ndani ya swali la hifadhidata.

Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun mnamo 1995, ni kinyume chake. Humtaka mwandishi atangaze aina ya kila kitu kabla ya kukitumia, na huandikwa kwa maneno mengi. Kwa tovuti ya duka la Kawangware ni sawa na kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja. Lakini mabenki, kampuni za simu na mifumo ya hospitali huithamini kwa sababu kitafsiri hugundua makosa mengi kabla programu haijaanza kutumika. Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS, ulioanza kutumika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 2000, umeandikwa kwa Java. Spring Boot, iliyotolewa 2014, imepunguza sana kazi ya matayarisho iliyokuwa ikiwachosha wanaoanza.

Python ya Guido van Rossum ilitolewa 1991. Kiunzi chake maarufu cha wavuti, Django, kilitokana na kazi ya gazeti moja la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani, na kutolewa kwa umma mnamo 2005. Kwa kuwa wahariri hawasubiri, kiunzi hicho kiliundwa kumpa mwandishi ukurasa wa usimamizi mara tu anapoeleza taarifa zake zikoje. Anayetaka orodha ya wanafunzi, madarasa na malipo hupata fomu za kuingiza na kurekebisha taarifa bila kuziandika. Aidha, Python ndiyo lugha inayotawala katika uchambuzi wa data na akili unde. Kasoro yake mtaani ni kwamba nafasi za seva za bei ya chini kabisa mara nyingi huipokea kwa shida.

Ruby iliundwa na Yukihiro Matsumoto wa Japani, na kiunzi cha Rails kilitolewa na David Heinemeier Hansson mnamo 2004. Rails ndiyo iliyoieneza dunia nzima fikra ya kwamba kiunzi kikiamua mambo ya kawaida, mwandishi hubakiwa na yale ya pekee. Django, Laravel na vingine vimefuata mkondo huohuo. Hata hivyo, walimu na waajiri wa Ruby jijini Nairobi ni wachache kuliko wa PHP au JavaScript, na kijana anayekwama usiku hufaidika zaidi na lugha ambayo jirani yake anaijua.

JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich kwa siku 10 mnamo 1995. Haina mpinzani ndani ya kivinjari. Yeyote anayeunda tovuti atakutana nayo. Tangu Ryan Dahl alipotoa Node.js mnamo 2009, lugha hiyo inaendesha seva pia, na hivyo mtu mmoja anaweza kufanya kazi yote kwa lugha moja. Hiyo ni tija ya kweli kwa anayejifunza kwa muda mfupi. Gharama yake ni wingi wa vifurushi: mradi mdogo unaweza kupakua mamia ya megabaiti za msimbo wa watu wengine, na mitindo yake hubadilika upesi.

Mtihani wa M-Pesa

Katika nchi nyingine mwanafunzi hupimwa kwa kuunda orodha ya kazi za siku. Hapa Kenya kipimo halisi ni kimoja: je, tovuti inapokea pesa kwa M-Pesa?

Huduma hiyo ilizinduliwa na Safaricom mnamo Machi 2007. Kwa miaka kadhaa kuiunganisha na tovuti kulihitaji utaratibu mzito uliowafaa wenye mitaji. Mambo yalibadilika mnamo 2017 Safaricom ilipofungua lango la Daraja, linalopokea maombi mepesi ambayo lugha yoyote inayojua kutuma ujumbe kwenye intaneti inaweza kuyaandika.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Programu hutuma funguo zake na kupewa kibali kinachodumu saa moja. Kisha huandaa nenosiri kwa kuunganisha namba ya biashara, ufunguo wa siri na saa ya muamala. Hutuma ombi likiwa na kiasi cha pesa na namba ya simu inayoanza kwa 254, wala si sifuri. Simu ya mteja huonyesha ombi la kuweka namba ya siri, na Safaricom hutuma jibu kwenye anwani ya tovuti iliyotajwa.

Hakuna lugha kati ya zilizotajwa inayoshindwa na hatua hizo. Tofauti ya mistari baina ya PHP na Java ni ndogo, na vifurushi vilivyo tayari vinapatikana kwa zote. Wanaoanza hukwama mahali pengine kabisa. Anwani ya jibu sharti iwe hewani na yenye usalama wa usimbaji; kipakatalishi kilicho ndani ya chumba huko Gatina hakifikiwi na seva za Safaricom. Mteja anaweza kulipa na jibu lisifike kwa sababu seva ilikuwa imezimika. Jibu moja linaweza kufika mara mbili, na programu isiyokagua namba ya muamala ikahesabu karo mara mbili. Mtayarishaji aliyefikiria mambo hayo ana tija kwa lugha yoyote, na asiyeyafikiria atarudishiwa kazi kila mwisho wa mwezi.

Hali ni hiyohiyo kwa arafa na huduma za kubonyeza nyota na alama ya reli. Kampuni ya Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mnamo 2010, huwawezesha watayarishaji kuunda huduma hizo kwa lugha yoyote. Seva hupokea alichobonyeza mteja na kujibu kwa maandishi yanayoanza na neno CON ikiwa mazungumzo yanaendelea, au END yakiisha. Huduma ya aina hiyo hutumika kwenye simu isiyo na intaneti, na kwa wateja wengi wa Kibera inaweza kuwa na manufaa kuliko tovuti yenye madoido.

Umeme, bando na kumbukumbu

Shindano la Nuremberg lilifanyika ndani ya ukumbi wenye umeme usiokatika na intaneti isiyohesabiwa. Mtaani kuna vigezo ambavyo Prechelt hakuvipima.

Cha kwanza ni data. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa mnamo 2009, zikifuatwa na EASSy mnamo 2010, Kenya iliacha kutegemea setilaiti na bei ikashuka. Hata hivyo, anayenunua bando la siku huona tofauti kati ya jukwaa linalopakuliwa mara moja na lile linalotaka vifurushi vipya kila mradi. Taasisi ya Tunapanda iliyoko Kibera ilipiga hatua ya kujenga mtandao wa jamii usiotumia waya, ambao huwezesha vituo vya mtaa huo kushirikiana masomo.

Cha pili ni kumbukumbu ya mashine. Kipakatalishi chenye gigabaiti 4 huendesha PHP na hifadhidata ya MySQL bila taabu, na Python vilevile. Mazingira makubwa ya kuandikia Java pamoja na kivinjari chenye kurasa nyingi huweza kukifanya kijikokote. Dakika mbili za kungoja kila baada ya badiliko, zikirudiwa mara 30 kwa siku, ni saa nzima iliyopotea.

Cha tatu ni umeme. Unapokatika, mwenye nyaraka za lugha yake ndani ya mashine huendelea mpaka betri iishe. Anayetegemea video za mtandaoni husimama. Kuhifadhi msimbo kila baada ya hatua ndogo kwa programu kama Git ni kinga isiyogharimu chochote.

Cha nne ni watu. Kitovu cha iHub kilipofunguliwa kwenye Barabara ya Ngong mnamo Machi 2010, si mbali na Kibera, faida yake kubwa haikuwa meza wala intaneti. Aliyekwama alikuta aliyekwisha kukwamuka.

Maisha ya chombo

Lugha na viunzi huzeeka. Mnamo miaka ya 2000 Flash ilikuwa ujuzi wenye soko kubwa katika ubunifu wa tovuti. Adobe iliacha kuitunza mwishoni mwa 2020 na vivinjari vikaiondoa. Toleo la pili la Python lilifikia kikomo Januari 1, 2020. Kohana haiendelezwi tena, na Ushahidi yenyewe ililazimika kuhamia viunzi vya familia ya Laravel.

Aliyejifunza Flash pekee alianza upya. Aliyejifunza namna hifadhidata inavyopangwa, jinsi kivinjari kinavyozungumza na seva na namna ya kulinda taarifa za watu alibadilisha chombo na kuendelea. Ujuzi huo hauandikwi kwenye mabango ya kozi za wiki sita, ilhali ndio unaodumu.

Mteja pia ahadhari. Shule iliyotengenezewa mfumo kwa lugha ambayo ni mtu mmoja tu mtaani anayeijua itakwama siku mtu huyo akipata ajira kwingine. Kabla ya kulipa, mwenye shule aulize: nani mwingine anaweza kuutengeneza? Funguo za seva na jina la tovuti zitasajiliwa kwa nani? Nakala za taarifa zitahifadhiwa wapi?

Mashine zinazoandika msimbo

Tangu 2021 mjadala umepata sura mpya kwa kuja kwa programu za akili unde zinazopendekeza msimbo. Jaribio moja lililochapishwa 2023 lilionyesha kwamba watayarishaji waliopewa msaidizi wa Copilot walimaliza kazi ndogo ya JavaScript kwa muda pungufu kwa zaidi ya asilimia 55. Lakini jaribio la shirika la METR la 2025, lililohusisha wataalamu 16 wakifanya kazi kwenye miradi mikubwa waliyoizoea, lilionyesha kwamba waliotumia akili unde walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. La kushangaza ni kwamba wao wenyewe waliamini wameokoa muda.

Matokeo hayo hayapingani. Kazi ndogo na ya kawaida huharakishwa; kazi kubwa yenye historia huhitaji mtu anayeielewa. Kwa kijana anayeanza, hatari ni kukubali msimbo asiouelewa unaogusa pesa za watu. Vilevile inafunza kwamba hisia ya kwenda kasi si kipimo. Anayesema lugha yake ni ya haraka aulizwe kama alihesabu saa.

Uamuzi

Kwa anayetaka kipato cha haraka kutoka kwa biashara ndogo za mtaani, JavaScript ya kivinjari pamoja na PHP bado ni mwanzo wenye gharama ndogo zaidi. Anayevutiwa na data na uchambuzi aanze na Python na Django. Anayelenga ajira ya benki au kampuni ya simu avumilie Java. Anayependelea kufanya kazi na kampuni changa, hata zilizo ng'ambo, atapata nafasi nyingi kwa JavaScript pande zote mbili.

Lugha yoyote atakayoichagua, ajipime kwa kazi moja: mfumo wa malipo ya karo wa shule ndogo, unaopokea M-Pesa, kutuma stakabadhi kwa arafa na kuonyesha madeni. Aandike saa alizotumia, makosa yaliyojitokeza na data iliyoliwa. Kisha arudie sehemu yake moja kwa lugha ya pili. Akimaliza, atakuwa na vipimo vyake mwenyewe, vilivyochukuliwa kwa mashine yake na bando lake, na pengine na mwalimu mkuu aliye tayari kuununua mfumo huo.